Chuo cha Wahandisi wa Mlimani

Hapa Uru twaiona mifongo, yaani mifereji ya maji, ikipita kandokando ya vilima hata kufika migombani. Wazee wetu waliichimba bila karatasi wala chombo cha kupimia. Waliyatazama maji yenyewe: mteremko ukizidi, maji yalikula udongo, ukipungua mno, maji yalisimama. Kazi hiyo ndiyo uhandisi, ingawa wao hawakuiita hivyo. Leo twataka kueleza jinsi elimu hiyo ilivyopata chuo katika nchi yetu.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, wahandisi wenyeji walikuwa haba sana. Mwalimu Julius Nyerere, katika uzee wake, alisema kwamba nchi ilirithi wahandisi 2 na madaktari 12 tu. Mwaka ule ule chuo kikuu kilifunguliwa Dar es Salaam, lakini kilianza na elimu ya sheria. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipoanza mwaka 1963, masomo ya uhandisi yalikuwa Nairobi. Kijana wetu aliyeyataka alikwenda huko, au ng'ambo. Mwaka 1970 chuo hicho kiligawanyika, kila nchi ikawa na chake. Hapo Tanzania iliuona upungufu wake, maana asiye na fundi nyumbani humngoja fundi wa jirani, na jirani naye ana paa lake la kuezeka.

Basi mwaka 1973 Kitivo cha Uhandisi kilifunguliwa Mlimani, kwa msaada wa Ujerumani ya Magharibi. Kilianza na uhandisi wa ujenzi, wa mitambo na wa umeme. Baadaye ukaongezwa wa kemikali. Masomo yalichukua miaka 4, na wanafunzi walipelekwa pia viwandani, ili mkono ujifunze pamoja na kichwa. Wa kwanza walihitimu mwaka 1977. Mwaka 1981 ikaundwa hapo taasisi ya kubuni mashine na njia za uzalishaji zifaazo nchini. Mwaka 2001 kitivo na taasisi viliunganishwa, kikawa Chuo cha Uhandisi na Teknolojia. Wahitimu wake wamesimamia barabara, madaraja, maji na umeme, na wengine wamekuwa walimu wa wahandisi waliowafuata.

Lakini sifa ya chuo haihesabiwi kwa shahada peke yake. Mifongo mingi ya Kilimanjaro imepungukiwa maji, na mingine imekauka. Tena mfereji wa udongo humeza maji mengi njiani kabla hayajafika shambani. Mzee aujua mkondo na desturi ya zamu. Mhandisi ajua kuyapima maji na kuusakafia mfereji usivuje. Wakidharauliana, mgomba ndio utakaonyauka.

Twajua sote kwamba siku ya kusafisha mfongo kila nyumba hutoa mtu, naye asiyetoka hana haki ya kulalamika maji yasipomfikia. Chuo nacho hulishwa kwa kodi ya wengi ambao hawakuingia darasani. Kwa hiyo aliyesoma huko ana deni la jasho kwao.

Nanyi wanafunzi, msiikimbie hesabu kwa kuwa ni ngumu. Maji hufuata mkondo. Na mkondo huchimbwa na watu.