Bustani Nyuma ya Nyumba: Historia ya Chakula Chetu



Katika kitabu hiki cha Yubile mtasoma habari za makanisa, za mashule na za hospitali. Sisi tumepewa kurasa hizi chache tueleze historia ya kitu kidogo, kisicho na jiwe la msingi wala siku ya kubarikiwa. Ni bustani iliyo nyuma ya nyumba. Hata hivyo, kila mara njia zilipofungwa na matata yalipozidi, bustani ile ndiyo iliyotia chakula katika chungu.

Kwanza tueleze majira. Mstari wa Ikweta unapita kusini ya Butembo, si mbali. Kwa hiyo hatuhesabu mwaka kwa baridi na joto, bali kwa mvua. Mvua moja hunyesha tangu mwezi wa tatu mpaka wa tano. Nyingine tangu mwezi wa nane mpaka karibu na Noeli. Katikati yake kuna vipindi viwili vya jua: mwezi wa kwanza na wa pili, tena wa sita na wa saba. Ndiyo sababu maharagi hupandwa mara mbili na kuvunwa mara mbili kwa mwaka. Jua likikaza, mama mwenye akili hushuka bondeni, akapanda lengalenga na vitunguu pale udongo ulipobaki na unyevu. Butembo iko juu, kwenye metri 1.700 na zaidi. Viazi na mashu hukubali vizuri. Beni iko chini, karibu metri 1.100, penye joto. Kule muhogo, ndizi na michikichi husitawi.

Wazee wa Wanande walikula hasa ulezi na ndizi. Maharagi, mahindi, muhogo na viazi vitamu asili yao ni Amerika. Vilisafiri mkono kwa mkono mpaka vikawa vyetu, hata leo watoto hudhani vilikuwako tangu kuumbwa kwa milima. Basi tujue kwamba watu wetu walizoea kupokea mbegu ngeni mbele ya kufika kwa Wazungu.

Mapadri wa Moyo Mtakatifu walianzisha misioni ya Beni mwaka 1906. Mapadri Wasumpsionisti waliingia Kongo mwaka 1929, na mwaka 1938 Monsinyori Henri Piérard aliwekwa kuwa mkubwa wa Vikarieti ya Beni. Katika bustani za misioni na katika mashamba ya Wazungu wa milima ya Lubero, watu waliona mashu, karoti na puaro. Shuleni watoto walilima bustani, na yale waliyojifunza waliyapeleka kwa mama zao.

Lakini zamani za Wabeleji kulikuwa pia na kilimo cha lazima. Tangu mwaka 1917 serikali iliweza kuwaagiza wanakijiji walime mimea iliyopangwa na wakubwa, na asiyetii alitozwa faini au kufungwa. Baadaye watu walishurutishwa kuchimba mifereji na kupanda majani ya kuzuia mmomonyoko kwenye miteremko. Shauri lile lilikuwa jema kwa udongo, lakini lilikuja na fimbo. Uhuru ulipofika mwaka 1960, wengi waliiacha mifereji, na mvua ikachukua udongo. Mboga hazikuachwa. Zile zilikuwa zimeingia nyumbani kwa mapenzi ya mama mwenyewe, naye aliona faida yake mezani na sokoni. Hapo tunapata fundisho kubwa la historia hii: jambo jema likiletwa kwa fimbo huondoka pamoja na fimbo.

Miaka ya 1970 na 1980, maharagi na mboga za milima yetu zilipakiwa katika makamio mpaka Kisangani, na kutoka kule zikafika Kinshasa. Askofu wetu Emmanuel Kataliko, aliyetuongoza tangu 1966 mpaka 1997, alihimiza sana kazi ya maendeleo. Mwaka 1989 Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilianza hapa Butembo, nacho kinafundisha elimu ya kilimo.

Kisha vikaja vita vya 1996 na vya 1998. Ukaja ugonjwa wa kunyausha migomba, ulioonekana Masisi mwaka 2001 na kuenea baadaye hata kwetu. Watu walijifunza kukata kwa kijiti cha panda lile ua jekundu linaloning'inia chini ya ndizi, na kupitisha kisu motoni mbele ya kugusa mgomba mwingine. Tangu mwezi wa kumi wa 2014, wakulima wengi wa Beni waliuawa wakiwa mashambani mwao, na jamaa nyingi zikaacha mavuno yakioza. Tena tangu mwezi wa nane wa 2018 mpaka mwezi wa sita wa 2020, Ebola ilitia hofu katika nyumba na masoko. Katika siku zile, kipande cha udongo karibu na mlango kilikuwa shamba la pekee ambalo mama aliweza kulifikia bila kuogopa njia.

Leo kipande kile kinapungua. Mji unakua, viwanja vinagawanywa, na nyumba mpya inasimama palipokuwa mihogo. Jamaa zilizokimbia kutoka Beni zinaishi kwa kupanga, hazina hata hatua mbili za udongo. Lakini tumeona mama wakijaza udongo na mbolea ya kuku katika magunia na mabeseni yaliyotoboka, na lengalenga inaota.

Wapendwa, wazee wanaojua siku ya kupanda kwa kutazama mawingu wanazidi kupungua. Tunaomba kila jamaa iweke mbegu zake za maharagi mahali pakavu, na watoto wafundishwe kuzichagua. Na yule mwenye kiwanja kikubwa ampe mkimbizi jirani yake matuta machache, kwa mvua moja au mbili, bila kumlipisha. Mvua ijayo haitamngojea.