Shuka, Shiti na Mtumba: Historia ya Maana za Mavazi Kajiado na Kitengela

Msamiati wa mavazi ni miongoni mwa mambo ambayo wahakiki wa fasihi ya Kiswahili huyapita kwa haraka, kana kwamba jina la nguo halina la kuficha. Makala haya yanadai kinyume chake: jina la vazi hubeba historia ya waliolivaa na ya waliotaka kuwavika wengine, na msomaji anayelipa maana moja tu huisoma kazi nusu.

Neno shuka ni mfano ulio wazi. Katika biashara ya misafara ya karne ya 19, shuka lilikuwa kipimo: mikono minne ya kitambaa, na mashuka mawili yalifanya doti. Kitambaa chenyewe kiliitwa merikani, kwa kuwa kilifumwa Massachusetts na kuletwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861-1865) vilipoikatiza biashara hiyo, vitambaa vya Uingereza na Bombay vilishika nafasi yake, lakini jina likabaki. Joseph Thomson alipopita Ngong mwaka 1883, nguo, shanga na waya ndizo zilizokuwa fedha ya njiani. Hivyo shuka liliwafikia Wamaasai, ambao vazi lao lilikuwa ngozi, likiwa kipimo na malipo kwa pamoja.

Kisha kikaja Kiingereza. Neno "sheet" katika lugha hiyo laweza kuwa la kitandani, la karatasi, la bati au hata la barafu. Wakenya walilipokea kwa maana ya kwanza tu: shiti. Katika mazungumzo yao ya kila siku, aghalabu shiti limetwaa kitanda na shuka limebaki begani mwa Mmaasai. Ilhali Tanzania shuka lingali pia la kulalia. Hali kadhalika longi: sifa ya Kiingereza imegeuka nomino, na kwa mvulana wa kaptura ni dalili ya ukubwa.

Maana hizi zina siasa yake. Ng'ambo ya mpaka wa Namanga, mkoani Arusha, serikali ya Tanzania iliendesha mwaka 1967 na 1968 kampeni ya kuwataka Wamaasai waache shuka wavae suruali. Ilijulikana kwa Kiingereza kama "Operation Dress-Up". Maneno hayo humaanisha kujipamba, na pia mchezo wa watoto wa kuvaa nguo za wakubwa. Wamaasai nao walikuwa wamekwisha kuwapa Wazungu jina iloridaa enjekat, linaloidhihaki suruali kwa kufungia ndani upepo wa tumbo. Kila upande uliiona aibu katika vazi la mwenzake.

Kitengela imeongeza ukurasa mwingine. Baadhi ya wakazi wake hushona nguo katika viwanda vya Athi River, ambavyo sheria ya AGOA ya mwaka 2000 ilivifungulia soko la Marekani, nchi ile ile ya merikani. Nguo zilizokwisha kuvaliwa ughaibuni hurejea sokoni zikiitwa mitumba. Na mtumba, katika enzi ya misafara, ulikuwa mzigo wa mpagazi.

Kwa hiyo mhakiki akutanapo na shuka, longi au mtumba katika riwaya, hana budi kuuliza ni nani analitaja vazi hilo, na ni nani anayetajwa nalo.