Gari Jipya, Breki za Mashaka: Nini Kifanyike Kabla ya Kuvuka Mpaka

Mwenye pikapu iliyotembea kilometa 6,000 hategemei kuambiwa na dereva wake kwamba breki "zinachelewa". Jibu la kwanza huwa ni kwamba gari bado jipya na dereva hajalizoea. Wakati huo vitunguu vimeshapakiwa, wakala wa forodha ameshaandaa nyaraka, na soko la upande wa pili halisubiri mtu. Gari linaondoka. Makosa mengi huanzia hapo, kwa sababu breki ni sehemu ya gari ambayo mashaka peke yake yanatosha kulisimamisha mpaka lichunguzwe.

Makala haya yanaeleza namna ya kutofautisha breki mbovu na breki ambazo dereva hajazizoea, vipimo ambavyo mwenye gari anaweza kufanya bila spana, namna ya kumkabili muuzaji, na la kufanya endapo tatizo litajitokeza gari likiwa nchi jirani.

Jipya kwa kilometa au jipya kwa umri?

Swali hili liulizwe kwanza. Gari lenye kilometa chache linaweza kuwa limekaa yadi au bandarini kwa muda mrefu. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani, na kadiri yanavyozidi kuwa na maji ndivyo yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Kwa viwango vinavyotumika, mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi nyuzi 140. DOT 4 huanzia nyuzi 230 na kushuka hadi 155. Kwa safari za mjini tofauti hiyo haionekani. Kwenye mteremko wa Sekenke kuelekea Igunga, au wa Kitonga kwa anayerudi Morogoro kutoka Iringa, gari likiwa na mzigo, mafuta yakichemka hugeuka mvuke, na mvuke hubonyea. Pedali inakwenda chini na gari haisimami. Ndiyo maana ni vizuri kutazama mwaka na mwezi wa kutengenezwa gari, si saa ya kilometa peke yake, na kubadilisha mafuta ya breki kama yamepita miaka miwili hata kama gari halijatembea.

Gari lililosafiri kwa meli pia huwa na kutu kwenye diski. Kutu nyepesi hukwaruza na kupiga kelele asubuhi, kisha huisha baada ya kukanyaga breki mara chache. Hiyo si hitilafu. Ikiwa baada ya siku kadhaa mikwaruzo bado ipo, au diski ina mifereji inayohisiwa kwa ukucha, hilo ni jambo jingine.

Yanayotisha lakini ni ya kawaida

Madereva waliozoea magari ya zamani hushtushwa na ABS. Breki zikikanyagwa kwa nguvu kwenye utelezi, pedali hutetemeka chini ya mguu na mlio wa kukoroma husikika. Hiyo ni kazi ya mfumo wenyewe, na dereva asiachie pedali. Jambo ambalo wengi hawaambiwi wanaponunua gari ni kwamba kwenye changarawe au vumbi zito ABS inaweza kurefusha umbali wa kusimama, kwa sababu tairi haliachwi lijifunge na kusukuma kifusi mbele yake. Dereva atalalamika kwamba breki za gari jipya hazishiki kwenye barabara ya vumbi, na atakuwa anasema kweli, lakini hakuna kifaa kilichoharibika. Dawa ni kupunguza mwendo na kuongeza nafasi.

Mlio mfupi wa mota gari linapoanza kuondoka, au pale hendibreki ya umeme inapofungwa, nao ni wa kawaida. Pedali kushuka kidogo injini inapowashwa ni dalili njema kabisa, maana yake busta inafanya kazi.

Taa za dashibodi zisichanganywe. Taa ya ABS ya rangi ya njano ikiwaka peke yake, breki za kawaida bado zipo ila msaada wa kuzuia tairi kujifunga haupo; gari liendeshwe taratibu hadi gereji. Taa nyekundu ya breki ikiwaka wakati hendibreki imeachiwa, gari lisimamishwe. Zikiwaka zote mbili kwa pamoja, magurudumu ya nyuma yanaweza kujifunga mapema na gari likapinda ghafla.

Vipimo vya dakika chache

Gari likiwa limesimama mahali tambarare, injini izimwe na pedali ikanyagwe mara nne au tano mpaka iwe ngumu. Mguu ubaki juu yake, kisha injini iwashwe. Pedali isiposhuka hata kidogo, busta au mpira wake wa hewa una tatizo. Kwa magari mengi ya dizeli, chanzo kinaweza kuwa pampu inayofyonza hewa kwa ajili ya busta. Injini ikiendelea kuwaka, pedali ikandamizwe kwa nguvu ya wastani kwa nusu dakika. Ikizama taratibu kuelekea sakafuni, mafuta yanavuja nje au yanapita ndani ya masta silinda. Gari la namna hiyo halitakiwi kutoka hapo lilipo isipokuwa kwa kuvutwa.

Pedali laini kama sponji, inayokuwa ngumu baada ya kupampu, huashiria hewa ndani ya mirija. Kopo la mafuta ya breki litazamwe pia. Pedi zinapochakaa kiwango hushuka polepole sana, hivyo kwa gari jipya kikishuka ndani ya wiki chache ni kuvuja, na kuongeza mafuta bila kutafuta mvujo ni kujidanganya. Asiruhusiwe mtu kutia mafuta ya injini au ya usukani kwa sababu ndiyo yaliyopatikana njiani; huvimbisha mipira ya mfumo wote, na kazi ya kubadilisha kifaa kimoja inakuwa ya kubadilisha vyote.

Baada ya safari ya kilometa kumi hivi bila kukanyaga breki sana, kiganja kisogezwe karibu na kila rimu bila kugusa. Gurudumu moja likiwa la moto kuliko mwenzake wa upande wa pili, kalipa haiachii. Gari linalovuta upande mmoja wakati wa kufunga breki lipimwe upepo wa matairi kwanza, kisha kalipa. Usukani unaotetemeka wakati wa kufunga breki mara nyingi ni diski isiyo na unene sawa, na wakati mwingine chanzo ni nati za magurudumu zilizokazwa kupita kiasi na fundi wa matairi.

Kwa malori ya breki za upepo kuna jambo moja la kutajwa hapa. Lori jipya lenye vifaa vinavyojirekebisha vyenyewe kwenye ekseli halitakiwi kukazwa breki kwa mkono kila mara. Kifaa kikionekana kulegea tena na tena, kibovu ni chenyewe au sehemu nyingine ya breki ya gurudumu hilo, na kukikaza kwa spana kunaficha ubovu mpaka siku ya mteremko.

Kabla ya kumlaumu muuzaji

Pikapu nyingi mpya zinazofanya biashara ya mpakani hupelekwa kuongezwa springi za nyuma kabla hata ya safari ya kwanza. Baadhi ya pikapu zina valvu inayopima uzito kwa fimbo iliyounganishwa na ekseli ya nyuma: bodi ikishuka kwa mzigo, valvu huongeza nguvu ya breki za nyuma. Springi zikiongezwa, bodi haishuki, valvu inadhani gari ni tupu, na breki za nyuma hupata nguvu ndogo wakati mzigo ni mkubwa kuliko ule wa kiwandani. Breki za mbele zinabeba kazi yote na kupata moto. Dereva ataripoti kwamba breki zinachelewa, na wakala wa kampuni atatazama springi na kukataa dhamana. Atakuwa na hoja. Aliyeongeza springi aombe valvu irekebishwe na fundi anayeifahamu, na asipakie tani 2 kwenye gari la tani 1.

Hata hivyo, malalamiko ya dereva yasipuuzwe kwa sababu tu gereji haikuona kitu. Mfano unaofahamika ni wa Toyota Prius ya kizazi cha tatu, iliyoanza kuuzwa 2009. Wenye magari nchini Japani na Marekani walieleza kwamba wakipita kwenye shimo au utelezi huku wamekanyaga breki taratibu, breki kama zilipotea kwa kitambo kidogo. Mwanzoni kampuni ilieleza kwamba ni suala la namna dereva anavyohisi pedali. Mwezi Februari 2010 iliita magari yapatayo 437,000 duniani, Prius na mengine ya mfumo wa petroli na umeme, ili kubadilisha programu inayoendesha ABS. Hakukuwa na kifaa kilichovunjika wala mafuta yaliyovuja; fundi yeyote wa spana angesema breki ni nzima.

Wito wa namna hiyo unawahusu pia wanunuzi wa huku, kwa sababu magari mengi yanayoshushwa Dar es Salaam na Mombasa yalianza maisha yake Japani. Gari la soko la ndani la Japani halina namba ya herufi na tarakimu 17 kama la Marekani au Ulaya. Lina alama ya modeli, kistari, kisha namba. Kwa hiyo kuitafuta kwenye tovuti ya usalama barabarani ya Marekani hakutoi kitu, na wengi huishia hapo wakidhani gari liko salama. Namba hiyo itafutwe kwenye ukurasa wa Kijapani wa kampuni iliyotengeneza gari, au muuzaji aliyelisafirisha atakiwe kuthibitisha kwa maandishi kwamba kazi za wito zilikwisha fanywa.

Kwa muuzaji au wakala

Maneno ya mdomo hayasaidii. Dereva aandike tarehe, kilometa, mwendo, uzito wa mzigo, hali ya barabara, na kama breki zilikuwa baridi au za moto. Picha ya video ya simu inayoonyesha taa ya dashibodi au pedali ikizama ina thamani kubwa. Barua ipelekwe na nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Gari likishapokelewa, mwenye gari aombe kutoka na fundi mkuu kwenye majaribio, dereva mwenyewe akiwa kwenye usukani na, kama tatizo hutokea na mzigo, mzigo uwepo. Gereji ikisema haikukuta kitu, hilo liandikwe pia, pamoja na vipimo walivyofanya. Karatasi tatu za "hakuna tatizo" kwa lalamiko lile lile zina uzito kuliko ugomvi mmoja kaunta.

Fundi wa mtaani asifungue mfumo kabla wakala hajaukagua, la sivyo hoja ya dhamana inaweza kupotea. Pedi na laini huhesabiwa kuwa vitu vya kuchakaa na mara nyingi haviko kwenye dhamana, lakini kalipa, masta silinda na busta kwa kawaida vimo. Bila dhamana, sheria za mauzo ya bidhaa za Kenya na Tanzania bado zinataka muuzaji anayefanya biashara hiyo auze kitu kinachofaa kwa matumizi yake. Kenya ina pia Sheria ya Ulinzi wa Mlaji ya 2012, na Tanzania malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani iliyoundwa kwa sheria ya 2003.

Likiharibika upande wa pili

Dhamana ya gari lililonunuliwa Nairobi haifuati gari Arusha au Kigali yenyewe tu. Suala hilo liulizwe siku ya kununua, na jibu liwe la maandishi. Breki zikigoma ugenini, gari lisimame na mzigo uhamishiwe gari jingine, baada ya wakala wa forodha kujulishwa, hasa kama mzigo ni wa kupita kwenda nchi ya tatu na una lakiri.

Kibali cha muda cha gari la kigeni kina tarehe ya mwisho, na gereji haiisimamishi. Mwenye gari aende forodha kabla ya tarehe hiyo akiwa na barua ya gereji na kibali chenyewe, aombe kuongezewa siku. Anayekwenda siku moja baadaye anakwenda kuzungumzia faini. Risiti za spea zilizofungwa ugenini zitunzwe, zitaulizwa gari likirudi, na ndizo zitakazotumika kudai fidia kwa muuzaji.

Kuhusu bima, Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania nayo inashiriki, hulipa madhara kwa watu wengine na matibabu. Hailipi pikapu yenyewe wala vitunguu. Bima nyingi kubwa nazo zina sharti kwamba gari liwe katika hali ya kufaa kutembea barabarani, na kitabu cha dereva kilichoandikwa "breki zinachelewa" wiki mbili kabla ya ajali ndicho mkaguzi wa bima atakachokiomba kwanza.