Saa ya vito na uso wake

Hapa Dubai, dukani Deira, nilionyeshwa saa ya kutia ufunguo iliyozungushiwa almasi. Uso wake ni enameli, yaani unga wa kioo uliochomwa juu ya chuma kwa joto la nyuzi kama 800. Rangi haichujuki, lakini ukiangukiwa na saa, ufa hauzibiki.

Almasi ni pambo tu. Vito vya kazi vimo ndani: yakuti nyekundu za kutengenezwa, aghalabu 17, ambamo ncha za magurudumu huzungukia zisilike.

Mwenye Rolex ya hanjari, zile Sultani Qaboos alizoagiza kupitia Asprey ya London, asikubali kubadilishiwa uso. Ya marehemu kaka yangu nilimwachia fundi; ilirudi inang'aa, hanjari haimo.