Boeing 787 na ndugu zake: kwa nini ndege kubwa hupita juu ya Ziwa bila kutua

Boeing 787, maarufu kwa jina la Dreamliner, ndiyo ndege kubwa ambayo Mkenya anaipanda akienda nchi za mbali na shirika la nchi yake. Mvuvi wa Usenge, kule Siaya, huenda asiipande maisha yake yote. Mbuta wake huenda akaipanda, akiwa minofu iliyopoozwa kwa barafu ndani ya tumbo la ndege. Lakini kabla ya hapo ni lazima samaki huyo asafiri kwa gari hadi Nairobi, ingawa Kisumu, iliyo karibu zaidi na Usenge, ina uwanja wa ndege wa kimataifa.

Sababu yake haiwezi kueleweka bila kuijua ndege yenyewe: imeundwaje, ina matoleo mangapi, na kila toleo limeundwa kwa hesabu gani.

Mwili mpana maana yake nini

Ndege ya mwili mpana ni ile yenye njia mbili za kupita kati ya viti. Ndogo, kama zile za Mombasa kwenda Nairobi au Nairobi kwenda Kisumu, zina njia moja tu katikati. Ndani ya 787 upana ni karibu mita 5.5, na mashirika mengi hupanga viti tisa kwa safu katika daraja la kawaida: vitatu, vitatu na vitatu.

Upana huo haukuwekwa kwa ajili ya abiria peke yao. Chini ya sakafu wanayokanyaga kuna nafasi ya makontena na mizigo ya biashara. Wahenga wetu wa pwani walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na ndege ni vivyo hivyo. Tiketi zikishauzwa, mara nyingi ni ngama inayoamua kama safari imelipa au haikulipa.

Ilivyozaliwa

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni mbili kubwa za ndege duniani zilitofautiana kimawazo. Airbus ya Ulaya iliunda A380 ya ghorofa mbili, ikiamini kwamba abiria watakusanywa katika viwanja vichache vikubwa. Boeing ya Marekani iliamini kinyume: abiria wanataka kwenda moja kwa moja, kwa hiyo inatakiwa ndege isiyo kubwa kupita kiasi, yenye kufika mbali kwa mafuta kidogo, ili hata mji wa kiasi uweze kuunganishwa na mji wa mbali.

Mradi ulitangazwa mwaka 2003 kwa jina la 7E7. Mwezi Aprili 2004 shirika la Japani, All Nippon Airways, likaagiza ndege 50, na mwaka 2005 jina likawa 787.

Jambo jipya lilikuwa vifaa. Ndege za zamani zilikuwa za alumini kwa sehemu kubwa. Katika 787, karibu nusu ya uzito wa ndege ni nyuzi za kaboni zilizoshikanishwa kwa gundi ngumu. Hazishiki kutu na ni nyepesi, na kwa kuwa mwili ni imara, hewa ya ndani hushindiliwa zaidi. Abiria wa 787 hukaa katika hewa iliyo sawa na ya mlima wa mita 1,800 hivi, wakati katika ndege nyingi za zamani hewa hufikia ya mita 2,400. Ndiyo maana msafiri hushuka na uchovu mdogo.

Jambo jingine lilikuwa namna ya kuiunda. Mabawa yalitoka Japani, vipande vya mwili Italia na kwingineko, vyote vikisafirishwa kwa ndege ya 747 iliyofanyiwa mabadiliko ili kubeba vipande vikubwa, kisha vikaunganishwa Marekani. Mpango huo ulileta ucheleweshaji. Ndege ilioneshwa hadharani Julai 2007, lakini haikuruka hadi tarehe 15 Desemba 2009. Safari ya kwanza ya biashara, Tokyo hadi Hong Kong, ilifanyika Oktoba 2011, ikiwa imechelewa zaidi ya miaka mitatu.

Matoleo matatu, na moja lisilozaliwa

Matoleo yote matatu yana mabawa ya upana wa mita 60 hivi na matangi ya lita zipatazo 126,000. Rubani aliyefunzwa moja huendesha mengine kwa leseni ya aina hiyo hiyo. Tofauti ni urefu wa mwili, na hesabu inayotokana nao.

787-8 ndiyo ya kwanza na ndiyo fupi: mita 56.7. Hubeba abiria wapatao 240 na kufika kilomita 13,500. Uzito wake wa juu wa kuruka ni karibu tani 228.

787-9 ina urefu wa mita 62.8 na abiria wapatao 290. Air New Zealand walipokea ya kwanza mwaka 2014. Uzito wake unafika tani 254, na licha ya kuwa ndefu inakwenda mbali kuliko zote: kilomita 14,000 hivi. Nafasi ya mizigo chini ni mita za ujazo zipatazo 172, wakati ya 787-8 ni 137. Ndiyo iliyopendwa zaidi sokoni.

787-10 ina mita 68.3 na abiria wapatao 330. Singapore Airlines waliipokea mwaka 2018. Uzito wake wa juu ni ule ule wa 787-9, na hapo ndipo penye somo. Ukiongeza watu na mwili bila kuongeza uzito unaoruhusiwa, lazima upunguze mafuta. Kwa hiyo masafa yake hushuka hadi kilomita 11,700 hivi. Jahazi likijazwa watu, mapipa ya maji hupungua, na safari hufupika.

Lilikuwako toleo la nne, 787-3, la safari fupi zenye abiria wengi ndani ya Japani. Wateja walilikimbia, nalo likafutwa mwaka 2010 kabla ya kuundwa hata moja.

Mitihani yake

Mwezi Januari 2013 betri za lithiamu za ndege mbili za mashirika ya Japani zilipata hitilafu, moja ikiwaka moto uwanjani Boston, na ndege zote za 787 duniani zikazuiwa kuruka. Betri zilipotengenezewa sanduku jipya la kuzuia moto, safari ya kwanza ya abiria kurejea angani ilifanywa na Ethiopian Airlines tarehe 27 Aprili 2013, kutoka Addis Ababa. Ilitua Nairobi.

Kati ya mwaka 2021 na 2022 kampuni ilisimamisha kwa muda mrefu kukabidhi ndege mpya, kwa sababu ya nafasi ndogo zilizogunduliwa kwenye maungio ya mwili. Na tarehe 12 Juni 2025, 787-8 ya Air India ilianguka muda mfupi baada ya kuruka Ahmedabad. Kati ya watu 242 waliokuwamo, alinusurika mmoja. Ilikuwa ajali ya kwanza ya 787 yenye vifo tangu ianze kazi.

Ilivyofika kwetu

Kenya Airways iliagiza 787 mwaka 2006 na ikapokea ya kwanza Aprili 2014. Zilifika tisa, zote za toleo la 787-8, kila moja na viti 234. Tarehe 28 Oktoba 2018 mojawapo ilianza safari ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, umbali wa kilomita zipatazo 11,800.

Hapo msomaji atauliza: kama ndege inafika kilomita 13,500, tatizo liko wapi? Tatizo ni kwamba Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi. Mabawa hushika kidogo na injini hupata nguvu pungufu. Rubani anayeondoka Nairobi na matangi yaliyojaa huenda alazimike kuacha mizigo au viti vitupu. Mombasa, iliyo karibu na usawa wa bahari, haina mtihani huo.

Na gharama si mchezo. Ndege kubwa zilifika wakati biashara imelegea, na katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2016 shirika lilitangaza hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 26. Mwaka huo 787 mbili zilikodishwa kwa Oman Air, na ndege zake tatu za Boeing 777-300ER, kubwa zaidi, zikakodishwa Uturuki. Mwaka 2024 shirika lilipata faida ya shilingi bilioni 5.4, ya kwanza baada ya miaka 11. Kisha nusu ya kwanza ya 2025, 787 tatu zilipokaa chini bila kuruka, likarudi kwenye hasara ya shilingi bilioni 12 hivi. Ndege tatu tu ni theluthi ya uwezo wake wa masafa marefu. Ndege kubwa ikiruka hulisha shirika, ikilala hulila.

Majirani nao wamo. Air Tanzania ilipokea 787-8 yake ya kwanza Julai 2018, na mwaka 2023 ikaongeza Boeing 767 ya mizigo mitupu. Uganda Airlines ilichagua mshindani wa Ulaya, Airbus A330-800, ikapokea mbili zinazoishi Entebbe.

Kisumu ilipokuwa kituo

Wengi hawajui kwamba Kisumu iliwahi kuwa kwenye njia kuu ya ndege ya dunia. Mwaka 1931 shirika la Uingereza, Imperial Airways, lilipoanzisha njia ya London hadi Ziwa Victoria, Kisumu ilikuwa kituo. Mwaka 1937 zilikuja ndege kubwa za kutua majini, zikiteremka ziwani Kisumu, kisha Mombasa, Dar es Salaam na Lindi, hadi Durban. Watu wa ziwa na watu wa pwani waliunganishwa na chombo kimoja.

Lakini zilitua kwa sababu hazikuwa na budi. Masafa yake yalikuwa mafupi. Bila kuongeza mafuta zisingefika. Kila kizazi cha ndege kilipoongeza masafa, vituo vikafutwa kimoja baada ya kingine. 787 ndiyo mwisho wa safari hiyo: inaweza kutoka Ulaya hadi kusini ya Afrika bila kugusa chini. Zamani ndege ilisimama Kisumu kwa shida yake yenyewe. Leo haitasimama ila kwa faida yake.

Mwezi Oktoba 2025 jambo hilo lilionekana hata katika msiba. Mwili wa marehemu Raila Odinga, aliyefariki India, uliletwa kutoka Mumbai na Dreamliner ya Kenya Airways hadi Nairobi. Kutoka hapo hadi Kisumu, na hadi Bondo, jirani ya Usenge, alikozikwa, safari ilimaliziwa kwa vyombo vingine.

Kinachoileta ndege

Wapo wanaosema njia ya kurukia ya Kisumu ni fupi. Ilirefushwa hadi karibu kilomita 3.3, sawa na ya Mombasa kwa kukaribia. Wengine husema ni mwinuko. Entebbe iko kwenye ziwa hilo hilo, mwinuko ule ule, na A330 zinaruka kutoka huko, ingawa njia yake ni ndefu zaidi kidogo.

Urefu wa njia ni mwanzo tu. Ndege hii hudai lami ya kustahimili uzito wake, na kikosi cha zimamoto kinachopimwa kwa urefu wa ndege: daraja la 8 kwa 787-8, daraja la 9 kwa ndugu zake wawili. Hudai pia vyumba vya baridi ili samaki asiharibike, na ukaguzi wa afya ya samaki unaokubalika sokoni. Zaidi ya yote hudai mzigo wa kutosha, juu na chini, kila wiki na si siku ya sherehe pekee.

Hapo pana ukweli mchungu. Kenya ina asilimia 6 tu ya Ziwa Victoria. Uganda na Tanzania zina sehemu iliyobaki. Mbuta amepungua na viwanda vya minofu vya upande wetu vimepungua pamoja naye. Mvuvi anayetoka Usenge na kurudi na samaki wachanga hawezi kujaza ngama ya ndege yoyote.

Kwa hiyo kiongozi akituahidi ndege kubwa Kisumu, maswali ya kumuuliza ni manne. Ni toleo gani? Itabeba nini ikienda, na nini ikirudi? Samaki atahifadhiwa wapi kabla ya kupakiwa? Na ziwa litalindwaje ili samaki huyo awepo? Akijibu la kwanza peke yake, ametusimulia habari za ndege. Akijibu la mwisho, huyo amefikiria habari za Usenge.