Kituo cha nyuklia kinapoulizwa juu ya usalama: mambo ambayo mkaaji wa Lubumbashi anapaswa kujua

Pale Golf, kama katika mitaa mingine ya Lubumbashi, umeme ukikatika mazungumzo ni yaleyale. Wenye uwezo wanawasha grupu, wengine wanarudi kwenye makala, na pembeni ya barabara mtu hakosi kuuliza: «Uraniamu ya Hiroshima ilitoka hapa kwetu Katanga. Sasa juu ya nini sisi hatuna umeme wa nyuklia?»

Swali ni la haki. Lakini kuna lingine linalopaswa kutangulia: siku kituo cha nyuklia kikijengwa, nani atakikagua? Na mkaguzi akisema «hapa kuna kasoro», kituo kitajibu namna gani? Jibu linaweza kutafutwa katika sehemu tatu: Koeberg huko Afrika ya Kusini, Kinshasa, na hapahapa kati ya Likasi na Kolwezi.

Koeberg ni nini, na inahusu nini Lubumbashi?

Koeberg ndicho kituo pekee cha nyuklia kinachotoa umeme katika Afrika nzima. Misri inajenga chake pale El Dabaa tangu mwaka 2022, lakini bado hakijaanza. Koeberg iko kando ya bahari, karibu kilomita 30 kaskazini ya mji wa Cape Town. Ina vinu viwili vilivyojengwa na Wafaransa; cha kwanza kiliunganishwa na mtandao wa umeme mwaka 1984, cha pili mwaka 1985. Kila kimoja kina nguvu ya megawati zaidi ya 900. Mwenye kuiendesha ni Eskom, kampuni ya umeme ya serikali.

Lubumbashi na Koeberg ziko mbali, lakini nyaya zinakutana. SNEL na Eskom zote ni memba wa mtandao wa umeme wa kusini mwa Afrika, SAPP, ulioundwa mwaka 1995. Upande wa Haut-Katanga, laini kubwa inayoenda Zambia inapita kituo cha Karavia. Umeme ukiisha kuingia kwenye mtandao unachanganyika, hakuna anayeweza kusema hii taa inawaka kwa maji ya Inga ao kwa nyuklia ya Cape Town. Lakini Katanga inanunua pia umeme kutoka kusini, zaidi kwa ajili ya makampuni ya madini. Kwa hiyo usalama wa Koeberg si habari ya wageni tu.

Mkaguzi ni nani?

Sheria ya kwanza ya nyuklia ni hii: anayeendesha kinu si yeye anayejipa ruhusa. Afrika ya Kusini ina mamlaka ya kusimamia nyuklia inayoitwa NNR. Hiyo ndiyo inatoa leseni, inatuma wakaguzi, inapima, na inaweza kukataa ao kuamuru kinu kizimwe.

Shirika la kimataifa la nishati ya atomiki, AIEA, lenye makao Vienna, linatuma pia wataalamu. Lakini kuhusu usalama wa vinu linatoa mashauri tu. Halina uwezo wa kufunga kituo cha nchi yoyote. Uwezo huo uko kwa mamlaka ya nchi yenyewe. Ndiyo maana nchi ikiwa na mkaguzi dhaifu, hakuna mgeni atakayekuja kuziba pengo.

Ukaguzi unaangalia nini?

Watu wengi wanafikiri mkaguzi anakuja na mashine ya kupima mionzi, anazunguka, anarudi kwake. Kumbe kazi ni kubwa zaidi. Anaangalia namna vyuma, saruji na nyaya vinavyozeeka. Anasoma daftari la kila hitilafu, hata ndogo, juu kosa dogo linalorudi mara tatu linaonyesha tabia. Anaangalia kiasi cha mionzi ambacho kila mfanyakazi amepata kwa mwaka, kama wafanyakazi wamefundishwa vizuri, kama fueli iliyotumika imehifadhiwa sawasawa, na kama watu wanaoishi jirani wanajua la kufanya siku ya hatari.

Koeberg, kwa mfano, ina mzunguko wa kilomita 5 ambamo wakaaji ndio wa kwanza kuhamishwa, na mwingine hadi kilomita 16 wenye mipango yake. Kisha ajali ya Fukushima, Japani, mwaka 2011, NNR iliamuru Eskom ipime upya kama kituo kinaweza kuvumilia tetemeko la ardhi, mafuriko na kukosa umeme kwa muda mrefu.

Koeberg ilijibu namna gani?

Leseni ya vinu vya Koeberg ilihesabiwa kwa miaka 40. Ya kinu cha kwanza ilikuwa inaisha tarehe 21 Julai 2024, ya kinu cha pili tarehe 9 Novemba 2025. Mwaka 2021 Eskom iliomba miaka 20 zaidi. Ndipo maswali yakaanza.

Swali la kwanza lilikuwa la mitambo inayogeuza maji kuwa mvuke. Kila kinu kina mitatu, nayo ilikuwa imezeeka. Kazi ya kuibadilisha ilipangwa kuanza mwaka 2022 kwenye kinu cha pili, lakini iliahirishwa kwani matayarisho hayakuwa yamekamilika. Baadaye kinu cha kwanza kilizimwa Desemba 2022 na kurudi Novemba 2023, karibu mwaka mzima. Kinu cha pili kilizimwa Desemba 2023, kikarudi mwisho wa Desemba 2024. Wakati huo wote nchi ilikuwa inakosa megawati zaidi ya 900, na kwa sehemu kubwa ya muda huo raia walikuwa katika delestaji kali. Usalama una bei, na bei hiyo inalipwa na watu wa kawaida pia.

Swali la pili lilikuwa la saruji. Jengo linalofunika kinu ndilo ukuta wa mwisho kati ya mionzi na watu. Upepo wa bahari unaleta chumvi, chumvi inaingia katika saruji na kula vyuma vya ndani. Wataalamu wa AIEA walipofika Machi 2022 waliangalia kituo kinavyojitayarisha kwa miaka ya ziada, na moja ya mambo waliyotia mkazo ni vifaa vya kufuatilia hali ya jengo hilo, ambavyo havikuwa vinafanya kazi vyote.

Hapo ndipo jibu la kweli linapotofautiana na jibu la maneno. Kusema «tumesikia, tutaangalia» haitoshi. Kituo kinapaswa kukubali kasoro kwa maandishi, kueleza sababu yake, kupanga kazi yenye tarehe, kuonyesha pesa na watu wa kuifanya, kisha kumwachia mkaguzi arudi kuhakikisha. Tarehe ikipita bila kazi, mkaguzi anapaswa kuuliza tena, kwa sauti kubwa zaidi.

NNR haikutoa ruhusa ya vinu vyote viwili mara moja. Ilifanya vikao ambamo raia walisikilizwa, kisha Julai 2024 ilikubali kinu cha kwanza kiendelee hadi 2044, kwa masharti. Kinu cha pili kilisubiri hadi Novemba 2025, kikapewa hadi 2045.

Mkaguzi naye anahitaji mlinzi

Kuna kipande cha habari hii ambacho hakihusu vyuma. Ndani ya baraza la NNR kuna kiti cha mjumbe wa raia. Mwaka 2022 mjumbe huyo, Peter Becker, aliyekuwa anajulikana kwa kupinga nyuklia, aliondolewa na waziri Gwede Mantashe. Alienda mahakamani, na Januari 2023 mahakama ikasema kuondolewa kwake hakukufuata sheria.

Mtu anaweza kukubaliana na Becker ao kumpinga. Jambo la maana ni kwamba kiti cha raia kilikuwepo, na mahakama ilikilinda. Mkaguzi anayeweza kufukuzwa kwa sababu anauliza sana, kesho hatauliza tena.

Na Kinshasa je?

Wengi hawajui kwamba kinu cha kwanza cha nyuklia katika Afrika kiliwashwa Kongo. Ilikuwa Juni 1959, katika Chuo Kikuu cha Lovanium, leo Chuo Kikuu cha Kinshasa, wakati mkubwa wa chuo akiwa Monsinyori Luc Gillon, padri na mwanafizikia. Kiliitwa TRICO I. Kilikuwa kidogo, kilowati 50, na hakikutoa umeme. Kilikuwa cha masomo na utafiti. Mwaka 1972 kikafuatwa na TRICO II, chenye nguvu ya megawati moja. Hicho kilizimwa mwaka 2004.

Kuzimwa si kuisha. Fueli inabaki, na fueli inataka ulinzi. Vipande viwili vya fueli vya Kinshasa vilipotea miaka mingi iliyopita. Kimoja kilikamatwa Italia mwaka 1998, mikononi mwa wahalifu waliotaka kukiuza. Cha pili hakijaonekana. Tena kilima cha chuo kikuu kinasumbuliwa na mmomonyoko wa udongo, kama sehemu nyingi za Kinshasa.

Upande wa sheria, nchi ilipata sheria ya kujikinga na mionzi tarehe 16 Oktoba 2002. Kinu kiko chini ya Komisaria Kuu ya Nishati ya Atomiki, CGEA. Ukaguzi ni kazi ya kamati ya kitaifa ya kujikinga na mionzi, CNPRI. Kwenye karatasi basi, mwendeshaji na mkaguzi wametenganishwa. Kinachobaki ni vifaa, magari, mshahara na uhuru wa kusema hapana.

Katanga: mionzi bila kinu

Kwa mtu wa Golf, hatari iliyo karibu haiko Cape Town wala Kinshasa. Iko katika mawe.

Shinkolobwe, karibu na Likasi, ilitoa uraniamu yenye utajiri mkubwa sana. Mawe mengine yalikuwa na zaidi ya nusu uraniamu. Mwaka 1940 Edgar Sengier wa Union Minière alipeleka New York zaidi ya tani 1,000 za madini hayo, na sehemu kubwa ya uraniamu ya bomu la Hiroshima ilitoka hapo. Mgodi ulifungwa wakati wa uhuru, lakini miaka ya 1990 wachimbaji wa mkono waliingia kutafuta kobalti. Serikali iliufunga tena Januari 2004. Julai ileile sehemu ya mgodi ilibomoka na watu wakafa. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walifika mwisho wa mwaka huo. Walisema udongo unaweza kubomoka tena, na kwamba kukaa muda mrefu katika mionzi na vumbi hilo kunaweza kudhuru.

Novemba 2007, tani nyingi za madini yenye mionzi zilizokamatwa Likasi zilitakiwa kurudishwa Shinkolobwe zikafukiwe. Badala yake zilitupwa katika mto Mura. Amri ilitoka, mtu wa kuifuata hadi mwisho hakuwepo.

Mwaka 2018 mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Kampuni ya KCC, Kolwezi, ilitangaza Novemba kwamba inasimamisha kuuza kobalti yake nje, kwani uraniamu ndani yake ilipita kiasi kinachokubaliwa katika bandari. Ilitangaza mpango wa kujenga mtambo wa kuitoa, na Aprili 2019 ikaanza tena kuuza sehemu iliyokuwa chini ya kiasi hicho. Kipimo kilipita mpaka, mali ikasimama, mpango ukatolewa. Lakini tuone pia kwamba mpaka uliotajwa ni wa bandari. Kamyo inayoenda Kasumbalesa inapita kwanza karibu na nyumba za watu.

La kufanya, la kuuliza

Mionzi haionekani, hainuki. Kinga yake ni mambo matatu: kupunguza muda, kuongeza umbali, kuweka kizuizi katikati. Kwa familia hii inamaanisha kutojenga kwa mawe wala mchanga wa taka za mgodi, juu gesi ya radoni inatoka humo na kujaa ndani ya nyumba isiyo na hewa. Watoto wasichezee mawe mazito yenye rangi kali ya manjano ao kijani yaliyotoka mgodini. Mchimbaji akirudi nyumbani anawe, nguo zake zifuliwe mbali na za wengine.

Na siku kampuni ao kiongozi akisema «tumekaguliwa, kila kitu kiko sawa», mkaaji ana haki ya kuuliza maswali manne. Nani alikagua, na nani anamlipa? Alikuta kasoro gani? Zitatengenezwa kabla ya tarehe gani? Nani atarudi kuangalia? Asiyeweza kujibu la nne, hayo matatu ya kwanza hayana uzito.