Kutoka Angani hadi Kando ya Kitanda



Mwaka 1963 lilizaliwa Jimbo la Nachingwea, ambalo tangu 1986 linaitwa Jimbo la Lindi. Mwaka huohuo, tarehe 4 Desemba, Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano ulitoa hati ya Inter Mirifica, ukilihimiza Kanisa kuitangaza Injili kwa vyombo vya mawasiliano.

Redio ilikwisha kutangulia. Papa Pius XI alizindua Radio Vatikano tarehe 12 Februari 1931, kwa mitambo ya Guglielmo Marconi. Matangazo ya Kiswahili yakaanza 1961. Sauti hiyo ilitufikia kwa masafa mafupi, ikipanda na kushuka kama mawimbi ya bahari. Mwaka 1996 Radio Maria ikaanza Songea. Setilaiti nayo ikafupisha safari: kipindi kinachosomwa katika studio moja hupaa angani, hupokewa na dishi kwenye mtambo wa mbali, kisha hurushwa tena hadi redio ndogo ya betri ya mkulima.

Vijijini, kama huku Mbekenyera, pale mawimbi yanapofika, mgonjwa asiyeweza kwenda kanisani husali Rozari pamoja na waamini wa nchi nzima. Hiyo ni neema. Lakini setilaiti haibebi Komunyo, wala haiketi kando ya kitanda. Mgonjwa huyo, akisha kuzima redio, bado anamngoja jirani wa Jumuiya abishe hodi. Basi, tusiiachie redio kazi ya miguu yetu.